Mafunzo kwa Vitendo Yanayohesabika: Hatua kwa Hatua Mpaka Krediti Zako Ziingie

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ukiisha, maswali huwa yale yale. "Nimekaa ofisini wiki nane sikukosa hata siku moja, mbona nimepewa C?" "Ripoti imerudishwa mara ya pili, nifanyeje?" Na lile linaloumiza zaidi: "Idara imekataa kunihesabia kabisa."

Ukifuatilia, mara nyingi ripoti haina kosa kubwa. Mambo yaliharibika mapema, kabla mwanafunzi hajakanyaga kazini. Alipata nafasi, akafurahi, akaenda. Hakuna aliyeandika popote kwamba anakwenda kujifunza nini, na mwisho wa safari hakuna kitu cha kupimwa.

Chuo hakilipi mahudhurio. Kinatoa krediti kwa elimu inayolingana na masomo yako na yenye ushahidi. Ukilielewa hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na maana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mwongozo wa mafunzo kwa vitendo wa idara yako, wa mwaka huu. Usitumie wa aliyekutangulia. Fomu hubadilika na viwango vya alama hubadilika.
- Maelezo ya kozi ulizokwisha kusoma, yale yanayotaja mada na matokeo yanayotarajiwa. Utayahitaji sana kwenye hatua ya 3.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni.
- Fomu ya makubaliano na fomu ya tathmini ya msimamizi wa kazini. Zichukue zote mbili sasa. Wengi huikumbuka ya pili siku ya mwisho, bosi akiwa likizo.
- Logibuku, yaani daftari la kuandika kazi zako za kila siku. Kama chuo hakitoi, daftari lolote gumu lenye kurasa zilizopigwa namba linatosha.
- Bima, pale kazi inapogusa maabara, wagonjwa, mitambo au eneo la ujenzi.
- Mawasiliano ya watu wawili: msimamizi wako wa chuo na msimamizi wako wa kazini. Ukikosa mmoja wao, bado huna mafunzo kwa vitendo, una kibarua.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa na krediti

Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, na kila mfumo una kipimo chake. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, krediti 1 ni kazi ya saa 25 hadi 30. Vyuo vya Uingereza huhesabu saa 10 kwa krediti 1. Marekani, makadirio ya kawaida kwa krediti 1 ya muhula ni saa 45 hivi, yaani saa 1 darasani na saa 2 za kujisomea kila wiki kwa wiki 15.

Chukua wiki 8 za saa 40: hizo ni saa 320. Kwa hesabu tupu, ni krediti 32 kwa kipimo cha Uingereza, kama 11 hadi 13 kwa ECTS, na 7 kwa Marekani. Ila usizichukue namba hizo kama ahadi. Idara nyingi huweka kikomo cha krediti zinazoweza kutoka kwenye mafunzo kwa vitendo, na nyingine huhesabu pia muda wa kuandika ripoti. Kikomo cha kwako kimeandikwa kwenye mwongozo.

Tahadhari: jisajili kwa kozi hii *kabla* ya kuanza kazi. Vyuo vingi havitoi krediti za kurudi nyuma, hata kama kazi uliyofanya ilikuwa nzuri kupindukia. Na kama chuo chako hutoza ada kwa krediti, ujue kwamba utazilipia hizi pia. Hiyo ni sababu tosha ya kukataa kwenda kukaa tu mahali.

Hatua imekamilika ukiwa na karatasi moja inayosema: saa zinazotakiwa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na siku chache za akiba kwa sikukuu na ugonjwa.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa kuangalia kazi

Hapa ndipo jina kubwa linapowaponza watu. Taasisi yenye jengo refu inaweza kukuweka mapokezi miezi miwili. Ofisi ya watu wanne inaweza kukupa faili la mteja siku ya tatu. Jina litakusaidia kwenye wasifu wako, lakini mtahini atauliza ulifanya nini.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza mambo matatu:

Nani hapa anafanya kazi ninayoisomea? Mwanafunzi wa takwimu anayepelekwa mahali pasipo na mtu hata mmoja anayechambua takwimu hatapata wa kumsahihisha. Atajifunza kwa kubahatisha, na kubahatisha hakuna alama.

Mwanafunzi aliyepita hapa alifanya nini? Hili ndilo swali langu ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ni gumu kulijibu kwa maneno matamu. Ukiambiwa "alitusaidia saidia kila idara", shtuka. Ukiambiwa "alitengeneza orodha ya vifaa vyote vya maabara na kukagua tarehe za kwisha muda", hapo pana kazi.

Nitapewa ruhusa ya kugusa nini? Kompyuta ipi, mfumo upi, mafaili yapi. Kama huruhusiwi kuona nyaraka zozote wala kuingia kwenye mfumo wowote, utakuwa mtazamaji kwa wiki nane.

Kuna kipimo kingine cha kuazima, hata kama hukai Marekani. Tangu 2018, Idara ya Kazi ya nchi hiyo hutumia vigezo 7 kuamua kama mwanafunzi asiyelipwa kwenye kampuni ya biashara ni mwanafunzi kweli au ni mfanyakazi aliyenyimwa mshahara. Miongoni mwake: mafunzo yafanane na yanayotolewa shuleni, yaungane na masomo au krediti, yaendane na kalenda ya chuo, yasizidi muda ambao mwanafunzi bado anajifunza, na kazi yake isichukue nafasi ya wafanyakazi wanaolipwa. Ukiwekwa kwenye zamu ya mtu aliyeacha kazi wiki iliyopita, huku hakuna anayekufundisha, jibu unalo.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja kwa sentensi moja kazi utakayofanya na jina la mtu atakayeisahihisha.

## Hatua ya 3: Andika malengo ya kujifunza

Kama una saa mbili tu za kuutumia mwongozo huu, zimalizie hapa.

Malengo mengi ninayoonyeshwa yanasomeka hivi: "Kupata uzoefu wa kazi za ofisi." "Kujifunza uhasibu kwa vitendo." Hayana kosa la lugha, ila hayapimiki. Nani atasema kama umejifunza uhasibu au hukujifunza? Kwa ushahidi gani?

Lengo linalofaa lina vitu vinne: kitendo kinachoonekana, kazi mahususi, kozi linakotoka, na ushahidi utakaobaki mkononi. Tazama la mwanafunzi wa uhasibu:

> Kufikia mwisho wa wiki ya 6, niweze kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja bila kusaidiwa, na kueleza kila tofauti: hundi ambazo hazijafika benki, makato ya benki, na fedha zilizowekwa ambazo bado hazijaonekana. *Linatokana na:* kozi ya uhasibu wa fedha, mwaka wa pili. *Ushahidi:* nakala ya ulinganisho yenye saini ya msimamizi, majina na namba za akaunti zikiwa zimefutwa.

Mtahini akisoma hilo hana la kuuliza. Msimamizi wa kazini naye akilisoma anajua akupe kazi gani. Lengo lisilo na kazi ndani yake humwacha bosi akifikiri peke yake, na bosi mwenye shughuli nyingi hana nafasi ya kukufikiria wewe.

Namna ya kuyapata:

1. Fungua maelezo ya kozi ulizosoma. Weka alama kwenye mada 5 au 6 ambazo kazi ile inaweza kuzigusa.
2. Kwa kila mada, andika kitendo. Tumia vitenzi kama *kuandaa, kukagua, kupima, kulinganisha, kubuni, kuhoji, kuchambua*. Vitenzi *kujua, kuelewa* na *kufahamu* vikimbie, kwa sababu havionekani kwa macho.
3. Punguza yabaki 3 hadi 5. Ukiandika 10, utatimiza 4 na utahukumiwa kwa 6 yaliyobaki.
4. Lengo moja liwe gumu, linalokutisha kidogo. Hilo ndilo litakalobeba ripoti yako.

Tahadhari: usiandike lengo linalotegemea ruhusa ambayo hukupewa. Mwanafunzi wa uuguzi hawezi kuweka lengo la kutoa dawa fulani peke yake kama sheria za kituo haziruhusu. Aandike kuandaa, kushuhudia na kueleza taratibu chini ya usimamizi.

Mpe mwanafunzi mwenzako wa fani nyingine ayasome. Akiweza kukuambia utakuwa unafanya nini Jumanne ya wiki ya nne, yameiva.

## Hatua ya 4: Pata saini tatu

Wewe, chuo, mwajiri. Ufaransa sheria haimruhusu mwanafunzi kuanza bila mkataba huo wa pande tatu, na kukaa kwenye taasisi moja hakuzidi miezi 6 kwa mwaka wa masomo. Hata mahali ambapo sheria haisemi chochote, karatasi hii ndiyo kinga yako siku bosi aliyekupokea anapohamishwa na mrithi wake anakuuliza, "Wewe ni nani?"

Makubaliano yataje tarehe, saa za kazi kwa wiki, malengo yako (yabandike kama kiambatisho), jina la msimamizi, nani anabeba bima, na mambo ya siri. Suala la malipo au nauli liandikwe waziwazi, hata kama jibu ni hapana.

Malengo yapitishwe na msimamizi wa chuo *kwanza*, kisha yaende kwa mwajiri. Ukianza na mwajiri halafu chuo kikayabadilisha, utarudi kuomba saini upya, na kuomba mara mbili kunachosha pande zote.

## Hatua ya 5: Wiki ya kwanza

Kaa kimya zaidi ya unavyoongea. Jua nani anafanya nini, vifaa viko wapi, kipi ni mwiko. Kabla ya Ijumaa, omba dakika 15 za msimamizi wako na mpitie malengo moja moja: lipi lianze, lipi lisubiri, lipi haliwezekani hapa. Lisilowezekana libadilishwe wiki hii hii, kwa maandishi, na chuo kiarifiwe. Mabadiliko ya wiki ya kwanza huitwa marekebisho, ya wiki ya saba huitwa kisingizio.

## Hatua ya 6: Andika logibuku kila siku

Kila siku, si kila Ijumaa. Wanaosahihisha hulitambua daftari lililojazwa kwa usiku mmoja: wino mmoja, mwandiko uliochoka, na sentensi "nilisaidia kazi mbalimbali" ikijirudia hadi jalada la nyuma.

Andika mistari minne tu:

- Nilichofanya, kwa kitendo na idadi.
- Nilichotumia kutoka darasani, au kilichopingana na darasani.
- Kilichokwama, na nilivyokitatua au nilivyomuuliza nani.
- Lengo namba ngapi limeguswa.

Mfano wa siku moja:

> Nimepitia ankara 22 na kuzilinganisha na hati za kupokelea mizigo. Ankara 3 zina idadi tofauti na kilichopokelewa. Darasani tulifundishwa kulinganisha nyaraka tatu, hati ya kuagiza ikiwemo. Hapa ya kuagiza haikuambatanishwa. Nimeuliza, nimeambiwa ziko ununuzi. Kesho nikazione. Lengo la 2.

Mstari wa pili na wa tatu ndiyo yenye thamani. Mtahini anatafuta mahali ulipoona tofauti kati ya kitabu na kazi, maana hapo ndipo kujifunza kunapoonekana.

Msimamizi asaini kila wiki. Saini nane za siku moja zinaonekana hivyo hivyo zilivyo.

Tahadhari ya siri: usiandike majina ya wagonjwa, wateja, wanafunzi wala namba za akaunti. Tumia "mteja A", "mgonjwa wa 2". Usipige picha nyaraka kwa simu bila ruhusa. Logibuku itapita mikono mingi, na kosa hili linaweza kukufukuzisha kazini na kukupeleka kwenye kamati ya nidhamu chuoni kwa pamoja.

## Hatua ya 7: Unapogeuzwa mtumwa wa fotokopi

Itatokea. Tusidanganyane, kazi ndogo ndogo zipo kila ofisi na hata wakubwa huzifanya. Tatizo ni pale zinapojaza wiki nzima.

Kwanza, ifuate karatasi. Ukipewa hati ya malipo uitoe nakala, uliza inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, kwa nini ina saini mbili. Utagundua kwamba anayeidhinisha malipo siye anayelipa, na anayelipa siye anayeandika vitabuni. Huo ni udhibiti wa ndani, mada nzima ya ukaguzi, na umeipata ukiwa umesimama kwenye mashine. Chora njia ya hati hiyo kwenye logibuku.

Pili, omba kazi yenye jina. Usiseme "sina cha kufanya". Bosi atakutafutia cha kukushughulisha, pengine faili za kupanga upya. Sema hivi: "Samahani bosi, lengo langu la tatu ni kuandaa ripoti ya akiba ya bidhaa. Naomba nijaribu ya mwezi uliopita, ambayo imeshafungwa, kisha uniangalizie nilipokosea." Umeomba kitu kidogo kisichoharibu chochote, na majibu yake sahihi yapo tayari. Ni vigumu mtu kukukatalia.

Tatu, zikipita wiki mbili bila badiliko, mwandikie msimamizi wa chuo. Hiyo ni kazi yake. Barua fupi, bila kulalamika: malengo haya, kazi nilizofanya ni hizi, nimeomba tarehe hizi. Wanafunzi wengi husubiri hadi mwisho wakiogopa kuonekana wakorofi, wakati ambapo hakuna tena cha kuokoa.

Kuna mambo hayasubiri wiki mbili: kudhalilishwa, kutakwa rushwa ya aina yoyote, kulazimishwa kufanya kazi ya hatari bila vifaa vya kujikinga, au kuambiwa usaini usichokifanya. Hayo ripoti siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Siku mkaguzi wa chuo anapokuja

Safisha meza, weka logibuku, malengo na ushahidi wako mahali pamoja. Atauliza kazi moja uifafanue kwa kina, basi ichague mwenyewe mapema: ile ngumu ya hatua ya 3. Msimamizi wako awepo au awe amearifiwa. Na mkaguzi akikushauri kitu, kiandike kwenye logibuku mbele yake, maana ndicho atakachokitafuta kwenye ripoti.

## Hatua ya 9: Ripoti isiyorudishwa

Ripoti zinazorudi zina sura moja. Kurasa kumi za mwanzo ni historia ya taasisi, muundo wa uongozi, dira na dhamira, vyote vimenakiliwa kwenye tovuti yao. Kisha kurasa tatu za kazi, kisha "changamoto: usafiri na muda mfupi".

Igeuze. Historia ya taasisi ukurasa mmoja unatosha. Mwili wa ripoti uwe malengo yako, kila lengo na sehemu yake: nilichotakiwa kufanya, nilichofanya, nadharia gani ya darasani ilihusika, ilifanya kazi au haikufanya, na kwa nini. Lengo ambalo halikutimia liandikwe pia, na sababu yake. Uchambuzi mzuri wa lengo lililoshindikana hupata alama nyingi kuliko orodha ya mafanikio yasiyoelezwa.

Mapendekezo yahusu kitu ulichokigusa. "Taasisi iongeze wafanyakazi" ni pendekezo la mpita njia. "Hati ya kuagiza iambatanishwe na ankara kabla ya kufika uhasibu, kwa sababu ankara 3 kati ya 22 zilikuwa na tofauti" ni pendekezo la mtu aliyekuwepo.

Kabla ya kuwasilisha, mpe msimamizi wa kazini aipitie kwa ajili ya siri za ofisi, kisha pima kila aya kwa swali moja: je, mtu ambaye hakuwahi kufika pale angeweza kuiandika? Kama ndiyo, ipunguze au itoe.

## Hatua ya 10: Kabla hujaondoka, na baada yake

Wiki ya mwisho, kusanya haya:

- fomu ya tathmini iliyojazwa, yenye saini na mhuri, katika bahasha iliyofungwa kama chuo kinataka hivyo;
- logibuku yenye saini za wiki zote;
- barua ya kuthibitisha tarehe na jumla ya saa;
- nakala za ushahidi ulioruhusiwa kutoka nao;
- ruhusa ya msimamizi kumtaja kama mdhamini unapoomba kazi.

Piga picha au toa nakala ya kila karatasi kabla ya kuikabidhi chuoni, na upokeaji wake usainiwe. Fomu hupotea kati ya meza na meza, na anayetakiwa kuthibitisha kwamba ilifika ni wewe.

Matokeo yakitoka, angalia mambo mawili: alama, na kama krediti zimeingia kwenye rekodi yako. Wakati mwingine alama ipo lakini idadi ya krediti haijaongezeka, kwa sababu usajili wa hatua ya 1 haukukamilika. Ukikuta hivyo, usisubiri muhula unaofuata. Nenda ofisi ya taaluma na makubaliano yenye saini tatu, barua ya saa na risiti ya usajili, na uulize utaratibu wa rufaa una siku ngapi. Vyuo vingi huzihesabu siku hizo kuanzia matokeo yalipotangazwa, si kuanzia wewe ulipogundua.